Msichana wa Kwenye Fulana

Jumatatu ya kwanza ya kambi, gari la wageni lilichelewa kwa sababu ng'ombe wa mzee Nkwabi walikuwa wamelala barabarani, na Kija Masele akapata muda wa kufuta vumbi kwenye madawati yote ya darasa la kwanza. Alipomaliza alikaa dawati la mbele, upande wa dirisha linaloangalia ziwa, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu. Watoto aliokaa nao walikuwa na miaka sita, saba, wachache nane. Yeye alikuwa na kumi na saba.

Shule ya Msingi Mwabuhele iko ufukweni, upande wa Magu, pale mashamba ya mpunga yanapoishia kwenye matete. Kila likizo ya mwezi wa sita walikuja wageni wa kujitolea kutoka Ulaya. Walishukia uwanja wa ndege wa Mwanza, wakalala mjini siku moja wakinunua maji ya chupa, kisha wakaja Mwabuhele kuwafundisha Kiingereza watoto ambao, kwa maneno ya mabango yao, hawakuwa na bahati. Walikaa wiki mbili. Walikuwa watu wema. Walileta penseli za rangi, mipira, na nyimbo za kuimba huku mikono ikicheza, na walikula dagaa bila kulalamika.

Gari lilipofika wakashuka vijana kadhaa wamevaa fulana za kijani. Mgongoni mwa kila fulana kulikuwa na uso wa Kija.

Ilikuwa picha ya kambi ya kwanza kabisa. Siku ile Kija, akiwa na miaka tisa, alikuwa ametoka kuanguka kutoka kwenye mpera ulio nyuma ya nyumba za walimu. Gauni lilikuwa limechanika begani na goti limechubuka. Nyumbani alikuwa na gauni jingine, zima, la kanisani. Kiongozi wa kambi, ambaye watoto walimwita Madamu Karin, alimkuta akinawa kwenye ndoo, akamwomba aitazame kamera. Kija akaitazama. Picha ikatoka vizuri kupita kiasi. Ikawekwa kwenye mabango, kwenye vikombe, kwenye kalenda na mifuko ya nguo. Watu wa kwao Madamu Karin waliiona, ikawagusa, wakachanga, na kwa michango hiyo Mwabuhele ikapata kisima cha pampu na paa jipya la madarasa mawili.

Tangu siku ile Kija hakukua tena.

Mwaka wa kwanza mama yake, Kashindye, aliona sare bado inamkaa mtoto vizuri, akashukuru kwamba hana haja ya kwenda kwa fundi. Mwaka uliofuata Dorcas, mdogo wake Kija, alimpita kimo, na nguo zikaanza kutembea kinyume: zilizombana mdogo akavaa mkubwa. Wakampeleka hospitali. Daktari akampima, akasema mtoto ni mzima, akampa dawa ya minyoo. Wakavuka naye hadi Ukerewe kwa mganga mmoja aliyesifiwa sana. Mganga akamtazama, akasema hapa hakuna mkono wa mtu, akala kuku, akawaaga.

Aliyegundua ni Mwalimu Bernadetta, mwalimu mkuu, Mhaya wa Kamachumu, mwanamke asiyependa maneno mengi. Ofisini kwake kulikuwa na kalenda ya wageni ukutani. Siku moja Kija alikwenda kuchukua chaki, na mwalimu akaliangalia goti la Kija, kisha akaliangalia goti la kwenye kalenda. Mchubuko ulikuwa uleule. Bado ulikuwa mbichi.

"Ni picha," alisema, kama mtu anayesema paa linavuja. "Wakiendelea kuitumia, utaendelea kuwa hivyo hivyo."

Jambo likapelekwa kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alisikiliza, akasema limeeleweka, ila pampu ya pili imeshaahidiwa na si vizuri kuwasumbua wageni kabla haijafika. Tusubiri kidogo. Pampu ikafika. Yakaahidiwa madawati. Madawati yakafika, ikaahidiwa taa ya jua ya nyumba za walimu. Kila kitu kilichoahidiwa kilifika, na kila kilipofika kulikuwa na kingine njiani.

Katikati ya kungoja huko Kija alimaliza darasa la saba na kufaulu vizuri. Mkuu wa sekondari ya kata alitoka mwenyewe hadi getini kumwona. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, safari ambayo haikuchukua muda, akasema hawezi kumpokea mtoto wa darasa la tatu. Wakaguzi wakija atawaambia nini? "Ukue kwanza, mwanangu, halafu uje," alisema kwa upole. Kija akarudi Mwabuhele, akawa anawasaidia walimu kuwashika mikono watoto wa darasa la kwanza wanaojifunza kuandika. Dorcas sasa alikuwa kidato cha tatu kwenye sekondari ileile.

Mwaka huu kundi la Twiga, yaani la wanaoanza, lilipewa kijana mmoja mrefu aliyeitwa Lukas. Lukas aligeuka kuandika ubaoni, na Kija akatazamana na uso wake mwenyewe, umekunjamana kidogo katikati ya mabega ya yule kijana. Kisha Lukas akaanza kupita akimuuliza kila mtoto jina lake. Alipofika dawati la mbele alisita, akatabasamu hadi masikio yakawa mekundu.

"Ni wewe!" alisema kwa Kiingereza.

"Ni mimi," Kija akajibu kwa Kiingereza, akaishia hapo.

Angeweza kuendelea. Kambi zote alizopitia, pamoja na vitabu walivyoacha wageni, vilikuwa vimempa Kiingereza cha kutosha, ingawa kilikuwa na vipande vya lafudhi za watu waliokuja na kuondoka: neno hili lilitamkwa kama alivyotamka msichana wa mwaka fulani, lile kama alivyotamka mzee wa mwaka mwingine. Lakini mwaka mmoja alimjibu mwalimu wake kwa sentensi ndefu siku ya kwanza, na yule mwalimu akalia machozi, ikatangazwa hadi huko kwao kwamba kambi imemfungua mtoto kinywa ndani ya asubuhi moja. Tangu hapo Kija akajifunza kupima. Wiki ya kwanza alijibu kwa maneno machache, ya pili akaongeza, ili wageni waone wamefanya kazi na waondoke na moyo mkunjufu. Hakuona kwamba ni uongo. Aliona ni kama kumwachia mgeni kipande kizuri cha samaki.

Safari hii, hata hivyo, alikuwa na jambo la kusema.

Jioni ile walikula ugali wa muhogo na sato nje ya jiko. Baba yake alikuwa kwenye ghala la pamba akingoja zamu ya kupima. Dorcas alishamaliza kula, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka akifanya hesabu.

"Mwalimu Bernadetta anastaafu mwisho wa mwezi," Kija alisema. "Anarudi kwao."

"Nimesikia," Kashindye alisema. "Tutampa kuku."

"Mayu, yeye akiondoka, anayekuja hajui lolote. Hakuna atakayewaambia wageni."

Mama yake alichambua mwiba, akauweka pembeni ya sahani. "Wewe si una mdomo? Na Kiingereza si unacho?"

"Nikisema wanalia."

"Waache walie," Dorcas alisema bila kuinua kichwa. "Wakimaliza watajibu."

"Wewe unaona rahisi."

"Mimi naona mwakani namaliza kidato cha nne. Nikipata chuo Mwanza, nitamwambia nani kwamba wewe ni dada yangu? Kwenye mahafali juzi ulikaa mapajani kwangu."

"Ulinikalisha mwenyewe!"

"Viti viliisha, dada."

Kashindye akacheka, kisha akaacha kucheka. "Baba yenu akipita na Kija sokoni Magu," alisema, "watu wanampa hongera kwa kupata mtoto uzeeni. Zamani alikuwa anawaeleza. Siku hizi anasema asante."

Kesho yake alasiri, Kija na Mwalimu Bernadetta wakamfuata Madamu Karin nje ya stoo, alipokuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akitenganisha penseli zilizovunjika na nzima. Alipokuja mara ya kwanza nywele zake zilikuwa rangi ya mahindi makavu. Sasa zilikuwa nyeupe zote.

"Shikamoo," Kija alisema.

"Marahaba," Madamu Karin akajibu. Hilo alikuwa amejifunza vizuri.

Mwalimu Bernadetta alisema mtoto ana shida, akamwachia mwenye shida aseme. Kija akasema kwa Kiingereza, safari hii bila kupima. Aliomba waache kuitumia picha yake, kwa sababu maadamu iko kwenye mabango yeye hakui, na angependa kukua.

Madamu Karin hakubisha wala hakuuliza inawezekanaje. Aliweka penseli chini.

"Tumeliona," alisema. "Kwenye kikao kimoja mwenzetu alizipanga picha za makundi za kila mwaka, moja pembeni ya nyingine. Tukasema lazima tukuulize. Halafu ukafika wakati wa kuchapisha fulana."

"Hamkujaribu picha nyingine?" Mwalimu Bernadetta aliuliza.

"Tulijaribu. Tuliweka ya wanafunzi wenu waliofika chuo, wamevaa tai, wamesimama kwenye ngazi. Watu waliipenda sana. Hawakuchanga." Akamgeukia Kija. "Wewe wanakuuliza kwa jina. Yuko bibi mmoja ameweka picha yako mezani anapolia chakula. Kila asubuhi anakusalimia."

"Mpe shikamoo yangu," Kija alisema.

Madamu Karin akafuta macho kwa pindo la fulana yake. Walimngoja amalize. Alipomaliza alisema picha inaweza kuondolewa, na kwa kweli ni ya zamani, haionekani vizuri kwenye simu. Ila hawawezi kuiondoa kabla hawajapata ya kuweka mahali pake. Bila picha hakuna michango, na bila michango hakuna kambi.

"Pigeni ziwa," Kija alisema.

"Watu hawachangii ziwa."

"Pigeni darasa la zamani, lile lenye ufa."

"Tuliwahi."

"Mpigeni Mwalimu Bernadetta."

Mwalimu Bernadetta akaweka kitenge chake sawa begani. Madamu Karin alimtazama kwa heshima, akatikisa kichwa. "Watu hawamchangii mtu mzima," alisema.

"Basi mtoto," alisema Kija.

"Mtoto." Madamu Karin aliinamia penseli zake. "Wewe unawajua wote, Kija. Unawajua kuliko mimi. Unadhani awe nani?"

Kija aliomba apewe hadi Ijumaa.

Habari zilifika kijijini kabla yake. Kija alidhani wazazi watawaficha watoto, wawapeleke kwa mabibi huko Kigongo au popote penye ndugu. Lakini Jumatano asubuhi uwanja wa shule ulijaa. Watoto walikuwa wameogeshwa na kupakwa mafuta hadi wanang'aa, wamevaa nguo za kanisani, wengine na viatu vya kuazima. Lukas alipowaona alisikitika, akamwomba Kija awaeleze kwamba wangependa watoto waje kama wanavyokuwa siku zote. Wazazi wakaelewa haraka. Wakarudi nyumbani, wakaja tena na watoto wamevaa nguo za shambani. Wasio na nguo zilizochanika waliazima kwa jirani, na mama mmoja alitoa wembe akakata mkono wa shati la mwanawe palepale, kwa uangalifu, akifuata mshono ili baadaye aweze kuurudishia.

Mwenyekiti alisimama juu ya dawati akawaambia, kwa Kiswahili na tena kwa Kisukuma ili asije mtu kusema hakuambiwa, kwamba mtoto atakayepigwa picha hatakua. "Tunajua," watu wakasema. Ugomvi uliotokea ulikuwa wa nani alitangulia kwenye foleni.

Machibya, dereva wa bodaboda aliyefiwa na mkewe mwaka juzi, alimvuta Kija pembeni, chini ya upenu wa ofisi. Alikuwa na binti yake, Gladness, wa miaka saba.

"Nasikia wewe ndiye utakayesema," alisema.

"Wananiuliza tu."

"Basi mtaje Gladness."

"Baba Gladness, si unaniona nilivyo?"

"Nakuona. Uko hapa, uko mzima." Machibya alivua kofia yake akaikung'uta pajani. "Niambie uliosoma nao wako wapi. Rebeka alipata mimba akiwa kidato cha pili. Rachel alikwenda Mwanza kufanya kazi za ndani, hata msiba wa baba yake hakuja. Mtoto wa mzee Nkwabi alizama na mtumbwi wa dagaa, tukamzika bila kumwona. Wewe mama yako kila jioni anajua ulipo."

Kija akamtazama Gladness.

"Mimi nashinda barabarani," Machibya aliendelea. "Mama yake hayupo. Nikimwacha akue, atakua mikononi mwa nani?"

"Utakaa dawati moja," Kija alisema taratibu. "Kila mwaka unapata rafiki, na kila mwaka anakua, anaona aibu kucheza na wewe. Unamjua mtu tangu hajui kushika penseli mpaka anaolewa, na siku ya harusi unapangwa na watoto wadogo kubeba maua. Kichwani unakua, Baba Gladness. Kichwa hakikai kwenye picha."

"Huko ni kuchoka tu," Machibya alisema, si kwa ubaya. "Hata mimi nimechoka."

Akaenda kumsogeza mtu aliyeegemea pikipiki yake. Kija akachuchumaa, ingawa hakukuwa na haja kubwa, maana yeye na Gladness walikaribia kulingana.

"Unataka kupigwa picha?"

"Nataka."

"Ukipigwa hutakua. Utabaki hivi hivi."

Gladness akafikiri, mdomo ameufunga. "Wewe ulikubali?"

"Mimi sikuulizwa."

"Mimi nimeulizwa," Gladness alisema, na uso wake ukajaa fahari.

Alhamisi yote Kija alikuwa ameamua kukataa. Jioni alimkuta mama yake akipepeta mchele, akamwambia: atamwambia Madamu Karin waiache picha yake ilipo, wasimguse mtoto mwingine.

Kashindye aliendelea kupepeta. Alirusha, akapokea, akapuliza pumba.

"Ukisema hivyo nini kitatokea?" aliuliza.

"Nitabaki mimi."

"Utabaki wewe. Na picha yenyewe si wamesema imekuwa ya zamani? Iko siku kijana mwingine atashuka kwenye gari lile, atamkuta mtoto wa mtu ananawa, ataomba aangalie kamera. Hatamuuliza mtu. Hapo mtakuwa wawili."

"Kwa hiyo nimtaje?"

"Sijasema umtaje." Ungo ukatulia. "Nakwambia mimi nilikuzaa mara moja, lakini nimekulea mtoto wa miaka tisa mpaka mikono inauma. Nimekuchana nywele zilezile. Wenzangu wana wajukuu. Mimi simwoni hata mtu mzima atakayenizika. Nataka nikuone umekua, Kija, kabla macho hayajaisha. Kama ni dhambi, na iwe yangu."

Kija akamsaidia kuokota vijiwe kwenye mchele.

Ijumaa asubuhi Madamu Karin alimngoja mlangoni mwa darasa. Lukas alikuwa naye, kamera shingoni.

"Gladness," Kija alisema. "Wa Machibya."

"Una hakika?"

"Sina," Kija alisema. "Mpigeni."

Walimweka karibu na pampu. Lukas alitazama mwanga, akasema afadhali wasogee kidogo upande wa tope. Kija alikuwa amemshika Gladness mkono. Akaambiwa amwachie na asogee, maana mkono wake ulionekana. Akamwachia, akaenda kusimama nyuma ya kamera. Gladness alianza kucheka. Madamu Karin akapiga magoti mbele yake, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba kucheka ni vizuri, lakini asicheke sana. Gladness hakujua kuna kucheka kwa namna gani tena. Akamtafuta Kija kwa macho amwelekeze, na alipomwona, Lukas akabonyeza.

Picha ilitoka vizuri. Kila aliyeiona baadaye alisema mtoto yule ana macho ya kuomba kitu, na kwamba anakutazama wewe hasa.

Madamu Karin alikuwa mtu wa ahadi. Hata kabla kambi haijaisha, picha ya zamani ilishaanza kuondolewa huko kwao, bango kwa bango. Usiku wa siku ya kufunga kambi goti la Kija lilimwasha, na asubuhi lilikuwa na gamba kavu. Baada ya wiki moja gamba lilidondoka alipokuwa anachota maji. Alilitazama kidogo chini pale, kuku akaja akalidonoa.

Mwalimu Bernadetta alipewa kuku wake, akaenda Kamachumu. Akawa anapiga simu Jumapili baada ya misa, anauliza: "Umefika wapi?" na Kija anamwambia amefika kwenye kitasa cha mlango, amefika kwenye ufa wa pili wa ukuta. Kufikia Krismasi sauti ya Kija ilikuwa imeanza kuteremka. Alipata njaa ambayo hakuwahi kuijua. Alikula, akalala, akaamka mifupa inauma kana kwamba amelima. Baba yake alipita naye Magu, mtu akampa hongera kwa mtoto, na mzee Masele, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akasimama akaeleza.

Mwezi wa kwanza alikwenda sekondari ya kata. Mkuu alitoka hadi getini. Alimtazama kutoka juu hadi chini, na sasa safari ilikuwa ndefu kidogo. Alifurahi kwa dhati. Alisema maendeleo yanaonekana, ila sasa liko tatizo jingine: matokeo ya darasa la saba yameshakuwa ya zamani mno, nafasi yake ilishapewa mtu. Angeweza kurudia mtihani. Kija akaomba kurudia, na mwalimu mkuu mpya wa Mwabuhele, ambaye hakuwa anajua habari yoyote, akamweka darasa la tano kulingana na kimo.

Mwezi wa sita wageni wakaja. Fulana zilikuwa za rangi ya chungwa, na mgongoni alikuwa Gladness. Lukas hakuwepo. Kijijini walikuwa wameahidiwa maktaba.

Kija alimngoja Madamu Karin apumzike, akamfuata. Alisema kwa Kiingereza kwamba angependa kufundisha kundi la Twiga. Analijua vizuri, anawajua watoto, na wao wanamwelewa. Madamu Karin alimsikiliza kwa furaha kubwa.

"Unazungumza vizuri sana! Samahani, mwanangu, unaitwa nani?"

"Kija."

Madamu Karin akamshika mabega, akamtazama usoni, akatafuta. Kisha akampata, akamkumbatia kwa nguvu. "Umekuwa mkubwa," alisema, na hapo akalia. Kija akamngoja. Alipotulia alieleza kwamba walimu wa kambi huomba nafasi huko kwao, hupitia semina, hujilipia tiketi. Ndio utaratibu, na mwaka huu nafasi zimejaa. Lakini wangefurahi mno kama angewasaidia kupanga viti.

"Hakuna shida," Kija alisema, na akavipanga.

Darasani Gladness alikaa dawati la mbele na watoto wapya. Waliokuwa wenzake mwaka jana walikuwa wameshapanda kundi la Swala, na wakati wa mapumziko wawili kati yao walipita karibu naye wakizungumza mambo yao. Gladness aliwatazama wakipita. Kisha akaja kusimama karibu na Kija, akamshika kidole, wakakaa hivyo mpaka kengele ilipolia.

Saa kumi Machibya alifika na pikipiki. Alikuwa amenenepa kidogo. Tangu fulana mpya zitoke, kila mgeni alitaka kubebwa na baba wa mtoto wa kwenye fulana. Alimnyanyua Gladness kwa mkono mmoja akamkalisha juu ya tangi, mbele yake.

"Bado anaenea," alimwambia Kija, kwa sauti ya mtu anayesifu mvua za mwaka huu.

"Anaenea," Kija akasema.

Pikipiki ikawaka. "Kesho tena, dada Kija!" Gladness akaita kwa Kiingereza, akitamka kama msichana anayewafundisha mwaka huu.

"Kesho tena," Kija akajibu. Aliwapungia mkono mpaka vumbi likatulia, kisha akashika njia ya nyumbani, ambako mama yake alikuwa amekaa mlangoni, miwani puani, akifumua pindo la sketi ya Kija ili kuishusha kwa mara nyingine.